Sahani kama Jazanda katika "La Noire de..." (1966)

Filamu hii ya Ousmane Sembène isomwe kupitia sahani. Diouana, aliyetoka Dakar akidhani ataendelea kulea watoto, anajikuta Antibes, Ufaransa, akipika na kufagia. Wageni wanafurahia wali wake, mpishi hawamwoni. Bibi anapomtisha kuwa asiyefanya kazi hali, Diouana anasusa kazi, njaa na ije. Mtahiniwa asikimbilie kuandika "uvivu" wala "ugonjwa wa kula": huu ni usemi wa aliyenyimwa usemi, na uzungumzi nafsia unathibitisha. Kasoro ipo, Bibi ni mhusika bapa mno. Hata hivyo, hapa Makutano wasichana tuliowafundisha wanatafuta kazi za nyumbani Ghuba. Waonyesheni, ila kwa kuwa Diouana anajiua, mwalimu asitoke darasani.