Kupima Kisichofika

Kalamu inatambaa juu ya karatasi inayojikunja pole pole. Mstari wake unapanda na kushuka kwa utulivu, kama maji kujaa na kupwa. Karibu na usiku wa manane unaporomoka ghafla. Mgeni atadhani umeme umeleta matata. Mwenye kazi yake atavaa koti atoke nje kutazama juu.

Ndivyo zilivyokuwa riomita za awali, vyombo vya kupima kelele ya redio ya mbinguni inayopotea kabla ya kufika chini. Wanasayansi Little na Leinbach walieleza muundo wa chombo hicho mwaka 1959, huko Alaska, na kila nikiufikiria nacheka kwa raha, maana ni redio isiyotafuta stesheni yoyote. Antena yake imeelekezwa juu, na kwenye megahezi 30 hivi inasikiliza kelele itokayo Njia Nyeupe, ileile aliyoinasa Karl Jansky mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ndani ya chombo mna kelele ya pili, ya kutengenezwa, inayoongezwa na kupunguzwa mpaka ilingane na ile ya mbinguni. Muuza nyama hufanya vivyo hivyo kwa mawe ya mizani.

Kukijenga chombo si kazi kubwa. Kazi ni kuijua mbingu iliyotulia. Kwanza fundi hukusanya siku zisizo na ghasia, azipandanishe, apate mstari mmoja wa kulinganishia. Na mstari huo haufuati saa ya ukutani: nyota hutangulia kwa dakika nne hivi kila siku, basi nao hutangulia. Wakulima wa pwani waliongoja nyota za Kilimia wangeielewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Aliyekosea mstari wa utulivu atapima dhoruba ambayo haikuwapo.

Dhoruba yenyewe, ile ya aurora, mianga ya anga la karibu na ncha za dunia, hutoka upande wa usiku. Upepo wa jua huuvuta ugasumaku wa dunia ukawa mkia mrefu, nishati ikajilimbikiza humo, kisha ikafumuka. Mwanasayansi Syun-Ichi Akasofu aliuona mpangilio wake katika picha za kamera zinazonasa anga lote kwa mkupuo, nyingi zikiwa za Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia wa 1957 na 1958. Alilinganisha kituo na kituo, na mwaka 1964 akachapisha alichokiona: utepe wa aurora uliolala kimya, ule ulio mbali zaidi na ncha, unang'aa kwa ghafla karibu na usiku wa manane, unavimba kuelekea ncha, unakimbilia magharibi, kisha unachanika vipande. Kwa macho na subira, kabla setilaiti hazijaweza kuonyesha aurora yote kwa pamoja!

Sehemu ninayoipenda zaidi huja alfajiri. Mianga imefifia, imebaki mabaka yanayowaka na kuzima kila baada ya sekunde kadhaa. Watalii wamekwenda kulala, na kwa baridi ile siwalaumu. Hapo ndipo riomita inaweza kuonyesha upungufu mkubwa wa kelele ya mbinguni. Elektroni zenye nguvu nyingi zimezunguka dunia kuelekea mashariki, zikamwagika upande wa asubuhi, na hupenya hadi chini ya kilomita 90, ambako hewa ni nzito kiasi. Huko huzifumua atomi, elektroni mpya zikatikiswa na mawimbi ya redio, zikagongana na hewa, na nguvu ya mawimbi ikaishia kuwa joto. Desibeli moja ikipotea, sehemu ya tano ya kelele ya mbinguni haikufika chini. Zikipotea tatu, ni nusu.

Kwa hiyo jicho na antena havisemi jambo moja, na mjuzi hamwamini mmoja akamwacha mwenzake. Kamera humwonyesha umbo la dhoruba. Riomita humwambia elektroni zimezama mpaka wapi. Tena wingu, linaloipofusha kamera, haliizuii riomita. Kilpisjärvi, kaskazini kabisa mwa Finland, jua halizami kwa takriban miezi miwili ya kiangazi. Kipindi hicho hakuna anayeiona aurora kwa macho, na kupima kunaendelea.