Uzi Mwembamba Nafasi ya Nne

Uchambuzi wetu wa muziki wa dansi huanza na maneno, na mara nyingi huishia hapo hapo. Tunauliza mtunzi anamsema nani, anaonya au anabembeleza, mkarara unarudi mara ngapi. Nasoma shahada ya uzamili, na katika semina zetu neno "fani" likitajwa kwenye wimbo, maana yake ni tamathali. Gitaa hupewa sentensi moja tu: "linalia vizuri." Linalia vipi? Kwa nini? Napendekeza tuanze nyuma zaidi, kabla hata ya noti ya kwanza kupigwa, pale mpigaji anapochagua unene wa uzi.

Hapa Singida mjini, wapigaji vijana ninaokutana nao, wengi wao wa kwaya na bendi za makanisani, huita seti ya nyuzi kwa namba ya uzi wa kwanza: tisa, kumi, kumi na mbili. Namba hizo ni sehemu za elfu za inchi, kwa hiyo uzi wa kumi una unene wa kama robo milimita. Ukitoka tisa kwenda kumi, macho hayaoni tofauti, lakini vidole vinaijua. Kwa noti ileile na gitaa lilelile, mkazo wa uzi huo wa kwanza huongezeka kwa takriban asilimia 23. Kutoka kumi kwenda kumi na mbili, ongezeko ni asilimia 44. Uzi mnene hustahimili kupigwa kwa nguvu, lakini huchosha mkono na ni mgumu kuuvuta. Mwembamba huitikia upesi, ila ukiukandamiza kupita kiasi noti hupanda na kutoka kwenye tuni.

Juu ya tofauti hiyo watu wamejenga hukumu ya ajabu: nyuzi nene ni za mpigaji aliyekomaa, nyembamba ni za anayejifunza. Wapigaji wawili wa Texas wanatosha kuivunja. Stevie Ray Vaughan alijulikana kwa seti ya 13, na Billy Gibbons wa ZZ Top kwa seti ya 7. Wote wawili wana sauti nzito, iliyoshiba. Unene wa uzi haumpi mtu cheo.

Lakini jibu zuri zaidi liko karibu nasi, kwa Wakongo. Katika bendi zao, TPOK Jazz ya Franco ikiwemo, kuna gitaa linaloitwa mi-composé. Uzi wa nne, ule mnene wa re, hutolewa. Mahali pake hufungwa uzi mwembamba kama ule wa mi ya kwanza, nao hutuniwa re, oktavu moja juu. Uzi mnene wa kawaida hauwezi kazi hiyo: kuupandisha oktavu nzima kungehitaji mkazo mara nne, nao ungekatika kabla ya kufika. Hapa wembamba ndio ulioruhusu jambo lenyewe lifanyike.

Tazama kinachotokea mkononi. Katika gitaa la kawaida, ukishuka kwa vidole kutoka uzi wa nne kwenda wa tatu, sauti inapanda. Kwenye mi-composé, sauti inashuka. Kodi ni ileile na vidole vimekaa palepale, lakini noti zimebadilishana nafasi. Sauti zinabanana juu, zinapishana, na mpigaji mmoja anaweza kusikika kama wawili wanaojibizana. Gitaa hilo hupata chumba chake kati ya solo na rithim bila kugombana na besi. Huo ni utunzi, na umefanywa kwa uzi mmoja.

Mchambuzi asipolisikia hilo, hasara inamwangukia kijana anayejifunza kwa kuiga. Nimewaona wakirudia kipande kimoja cha rekodi jioni nzima kwenye simu, noti zote zikiwa sahihi, na bado kitu kinakosekana. Kisha husema wazee walikuwa na mikono ya pekee. Mara nyingine tofauti ni uzi tu. Anahitaji uzi wa kwanza wa ziada, na uvumilivu kidogo: akiutuni re utalegea kwa karibu moja ya tano ya mkazo wake, na mfereji ulioko kichwani mwa shingo, uliochongwa kwa uzi mnene, unaweza kuufanya utetemeke na kutoa mlio wa nyuki. Kipande kidogo cha karatasi ndani ya mfereji mara nyingi hutosha.

Fundi wa zeze kule Manyoni hahitaji kuambiwa haya. Anapochagua waya wa kufunga kwenye chombo chake, anajua ameshaamua zeze litaimba juu au chini, litafuatana na sauti ya nani. Kwake uzi na wimbo havijatengana. Sisi wa vyuoni ndio tuliovitenganisha, tukabaki na maneno mkononi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wachambuzi wenzangu ni dogo. Mkiandika kwamba gitaa linalia, ongezeni sentensi ya pili: linalia kwa uzi gani, na uzi huo umeruhusu nini. Mpigaji aliyeko Singida ataisoma sentensi hiyo, kisha ataenda dukani akijua anachokitafuta.