Sufuria Iliyozaa

Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani. Siku ya kuirudisha anatia ndani yake sufuria nyingine ndogo, na jirani akiuliza, anaambiwa sufuria yake imezaa. Jirani anacheka moyoni, anapokea zote mbili. Baadaye Abunuwasi anaazima tena, na safari hii harudishi kitu: sufuria imekufa. Jirani anafoka, tangu lini sufuria ikafa? Anajibiwa kwamba aliyekubali inazaa hana budi kukubali inakufa.

Tuliosoma Hekaya za Abunuwasi utotoni tulimcheka sana yule jirani. Miaka ikapita, akaja mtu na upatu wake: toa laki mbili leo, mwezi ujao uchukue nne. Aliyewahi kukisoma kisa kile husita hata kabla hajajua kinachomsitisha. Sufuria imezaa tena.

Ninachokisifu hapa ni ufundi. Mtambaji alijua mahali pa kunyamaza. Hakusema kwamba jirani ni mroho wala kwamba Abunuwasi ni laghai, ingawa ndivyo walivyo wote wawili. Hukumu alimwachia mtoto. Vitabu vingi vya kiada havina subira hiyo: kisa hakijapoa, swali liko chini yake, "Hadithi hii inatufundisha nini?", na jibu mwalimu analo. Mtoto analikariri, anapata vema yake, na somo linabaki kwenye daftari.

Abu Nuwas mwenyewe alikuwa mshairi wa Baghdad zama za Harun al-Rashid. Watambaji ndio waliomgeuza mjanja wa visa, na visa hivyo vikavuka bahari hadi pwani yetu. Njiani vilipita vinywani mwa watu waliojua kwamba msikilizaji akichoka huondoka zake, basi kila neno lisilo na kazi likadondoka.

Sisemi kwamba kusoma humfanya mtu kuwa mwema. Wapo waliosoma na bado wakalizwa, na wapo waliosoma wakawa wao ndio wenye upatu. Ila mtoto aliyezoea kupima kisa mwenyewe hukua akiuliza neno hili, nikilikubali, litanifikisha wapi. Mwandishi anayeweza kumwamini kiasi hicho msomaji wa miaka tisa anafanya kazi ngumu, na anastahili kulipwa na kusifiwa sawa na mtunzi wa riwaya za watu wazima.