Mpigapicha Amesimama Wapi?

Kuna picha moja ya Nairobi nimechoka nayo. Hata wewe unaijua. Mabati yenye kutu, reli katikati, mtoto mwenye ndala zisizofanana, na nyuma kabisa ghorofa mpya zinang'aa. Imepigwa mara nyingi ajabu, na kila anayeipiga hudhani ndiye wa kwanza kugundua kwamba maskini na tajiri ni majirani. Wasee, si tunapita hapo kila asubuhi?

Siku hizi nikiangalia picha yoyote ya mtaa najiuliza kwanza: aliyeipiga alisimama wapi? Na aliyepigwa angeweza kumwambia nini?

Mutua Matheka, aliyesomea usanifu wa majengo, mara nyingi husimama juu. Anapanda mpaka paani, anasubiri jua lishuke, halafu anatupa Nairobi iliyooga na kupakwa mafuta. Picha zake zilitusaidia. Kabla yake ni kama mji huu ulikuwa na sura mbili tu za kuuzwa nje: twiga wa mbugani na moshi wa ghasia. Lakini kutoka kule juu watu ni vitone, na magari ni mistari ya taa. Mji wa paani hauna kanjo, wala hauna mtu anayekimbia na nyanya zake ndani ya gunia.

Msingi Sasis alishuka chini, tena usiku. Katika Nairobi Noir, mji ni wa vivuli: mtu anavuka barabara peke yake, taa inamgusa bega tu, uso haupo. Mwaka wa 2015 polisi walimkamata akiwa na kamera yake na kumshuku kuwa gaidi. Mtu akipiga picha za jengo akiwa paani anaitwa msanii. Akisimama kando ya barabara usiku, ni mshukiwa. Hapo ndipo niliona kwamba mahali pa kusimama si suala la ufundi tu.

Turudi kwa yale mabati. Brian Otieno alizaliwa na kulelewa Kibera, na mradi wake, Kibera Stories, umekaa hapo hapo kwa miaka. Mabati yapo, matope yapo, lakini hayafanyi kazi ya kuhurumiwa. Kuna mitindo, dansi, mazoezi, watu wanaojua wanapigwa picha na wameamua wataonekanaje. Ni kama wale wapigapicha wa pale KICC: mteja akiona amefumba macho, anakataa, na picha inarudiwa. Mwenye uso ndiye bosi.

Ni rahisi kusema basi, apige mzaliwa wa mtaa tu. Siamini. Sarah Waiswa alizaliwa Uganda, anafanya kazi Kenya, na mfululizo wake Stranger in a Familiar Land, ulioshinda tuzo ya Discovery kule Arles, Ufaransa, mwaka wa 2016, aliupiga Kibera pia. Anayepigwa ni mwanamke mwenye ualbino. Amevishwa, amepangwa, na hakuna anayejifanya kwamba picha imejitokea yenyewe. Mtaa ni ule ule, reli ni ile ile, ila sasa tunatazama jinsi mtu anavyoweza kuwa mgeni kwao. Waiswa si mzaliwa wa hapo, na bado amegusa kitu ambacho pengine mwenyeji amekizoea mpaka hakioni.

Halafu kuna suala la picha inakokwenda. Boniface Mwangi alipiga ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, picha ngumu sana kutazama. Mwaka wa 2009 alianzisha Picha Mtaani, maonyesho yaliyozunguka miji mbalimbali nchini, barabarani, bila kiingilio. Zilirudishwa kwa watu ambao huenda walikuwepo. Kwangu, hiyo ni kazi kubwa kuliko kuzipiga.

Kuirudisha picha mtaani wakati huo kulimaanisha kila mtu aone. Juni 2024 mambo yaligeuka. Wakati wa maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, hasa baada ya tarehe 25 waandamanaji walipoingia Bungeni, tulianza kuombana mtandaoni: ficha sura, usitag mtu. Picha safi, ya karibu, macho yakionekana vizuri, yaani kila kitu tulichokuwa tukikisifu, ilikuwa inaweza kumpeleka mtu mahali ambapo familia yake haitampata.

Kwa hivyo nina picha nyingi za siku hizo kwenye simu ambazo hazina sura. Bendera imefungwa shingoni, mkono umeinua chupa ya maji, raba nyeupe zimelowa maji ya lile lori la polisi. Migongo, migongo, migongo. Wapo wanaosema ni picha dhaifu. Mimi naona mpigapicha aliyesimama nyuma ya watu wake, akitazama kule wanakotazama.