Ianzie Insha Nyuma

Nikiletewa insha hapa Kakamega nianze kuipima, hufungua marejeleo kwanza. Utangulizi unaweza kupambwa. Orodha ya vitabu humfichua mwandishi upesi.

Chukua mada ya mila za Waluhya. Haipiti bila Günter Wagner, Mjerumani aliyefanya utafiti miongoni mwa Wabukusu na Wamaragoli miaka ya 1930. Juzuu ya kwanza ya The Bantu of North Kavirondo ilitoka 1949, ya pili 1956, mwenyewe akiwa ameshafariki. Mwaka wa 1970 kazi hiyo ikachapwa tena kwa jina jipya, The Bantu of Western Kenya. Mwandishi mchanga hulikuta toleo hilo, akaandika "Wagner (1970)", kisha akaeleza jando la Wabukusu kana kwamba ni la baada ya uhuru. Mabano yale mawili yamewahamisha watu miaka zaidi ya 30! Aliyeiva huandika 1949/1970, na ndani ya sentensi husema wazi kwamba maelezo ni ya miaka ya 1930. Tazama pia tahajia: kichwa cha toleo hilo kina "Vugusu". Anayekigeuza kuwa "Bukusu" ana nia njema, lakini kichwa cha kitabu hunakiliwa kilivyo.

Kisha mtafute Gideon Were. Mwaka wa 1967 alichapisha historia ya Abaluyia, na mwaka huohuo akatoa kitabu kingine chenye simulizi alizokusanya kwa wazee. Wengi huishia kwenye kile cha kwanza. Nikiona vyote viwili vimetajwa, na simulizi zinapimwa moja kwa nyingine, najua huyu amefika kisimani.

Mzee wa Shinyalu aliyekusimulia mchezo wa fahali naye ni chanzo. Kwa mtindo wa APA, mahojiano yako hutajwa ndani ya matini pamoja na tarehe, wala hayaingii kwenye orodha. Muombe ruhusa kabla ya kumtaja jina.

Koma na italiki hujifunzwa kwa wiki moja. Kigumu ni sauti. Aya iliyoshonwa kwa "kwa mujibu wa" mwanzo hadi mwisho haina mwenyewe, hata kama kila nukuu imetajwa ipasavyo.

Mwisho, chagua rejeleo moja bila kupanga, nenda maktabani, fungua ukurasa uliotajwa, usome pia aya iliyotangulia na inayofuata.