"Kinga imeshuka": ipi hiyo?

Umeshaisikia, na huenda umeisema mwenyewe. Mtoto anakohoa kila mwezi: kinga imeshuka. Mzee ana fangasi mdomoni: kinga imeshuka. Kisha unatajiwa dawa: tangawizi, asali, habasoda, juisi ya ubuyu. Na sisi tunaoandika hapa tumeitumia kauli hiyo, tena si mara moja. Leo naipinga.

Kosa lake ni kuifanya kinga kama maji ya tangi: yakipungua, jaza. Hata jina la UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini, linatusukuma huko huko. Mimi naona kinga inafanana zaidi na mabaharia wa jahazi. Yupo wa usukani, yupo wa tanga, yupo anayekumba maji. Asipokuwepo wa usukani mtapanda mwamba. Asipokuwepo wa kukumba maji mtazama taratibu, bahari ikiwa shwari. Ukijua chombo kilivyozama, unaweza kukisia nani hakuwemo.

Madaktari ndivyo walivyokisia. Juni 1981, ripoti ya Los Angeles ilieleza vijana watano wa kiume waliopata nimonia ya Pneumocystis, kijidudu ambacho wengi wetu tunakivuta kwa hewa na hakitufanyi lolote. Virusi vya UKIMWI vilikuwa bado havijagunduliwa. Lakini kijidudu chenyewe kilishaanza kumtaja aliyekosekana: seli za T, hasa zile za CD4. Hizo zikiisha, wanaoingia ni hicho, kifua kikuu, fangasi wa mdomoni na wa uti wa mgongo.

Sasa mchukue mtoto mwenye selimundu. CD4 zake zinaweza kuwa sawa kabisa. Kilichoharibika ni wengu, kiungo kinachochuja damu na kunasa bakteria waliojivika ganda la sukari. Kwa hiyo anayemvamia ni mwingine. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa 2009 ulikuta kwamba kati ya bakteria waliopatikana kwenye damu za watoto hawa, 41% walikuwa pneumokoki. Huyo ana ganda hasa! Na dawa yake inajulikana: mwaka 1986 jaribio la Marekani lilionyesha kuwa penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku inapunguza maambukizi ya pneumokoki kwa watoto wa selimundu kwa 84%. Mama aliyeambiwa tu "mwongezee kinga" atarudi nyumbani na chupa ya juisi, na penisilini hakutajiwa. Hapo ndipo kauli inapoumiza.

Lakini mfano unaonikera zaidi ni wa hapa hapa Pemba, maana unaivunja hata ile habari ya kujaza tangi. Miaka ya mwanzo ya 2000, Maabara ya Ivo de Carneri na wenzao wa Johns Hopkins waliwapa maelfu ya watoto wa kisiwani, wa mwezi 1 hadi 35, madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku. Nia njema, na nani angepinga? Upungufu wa damu ulikuwa mwingi. Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa. Watoto waliopewa chuma walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa 12%, ya kulazwa kwa ugonjwa mkali au kufariki.

Kwani chuma si kinajenga damu? Kinajenga. Ila vijidudu navyo vinakitaka. Mwili ukivamiwa, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, na chuma kinafichwa kisizunguke. Yaani kile kipimo kinachosoma "chuma kimeshuka" wakati mwingine kinaisoma kinga ikiwa kazini. Na malaria ya Pemba ya wakati ule haikuwa ya mchezo.

Wapo walioondoka na jaribio lile wakisema "chuma ni sumu". Hao nao wanapima tangi, wameligeuza tu juu chini. Ndani ya jaribio hilo hilo kulikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa damu kwanza, na malaria yao ikafuatiliwa na kutibiwa. Katika kundi hilo, waliokuwa kweli wamepungukiwa na chuma walipata nafuu kwa kidonge kile kile.