Tusi na Madoadoa

Fundi wa Wamunyu humtia twiga wa mti madoadoa yake, na neno hilo halimwudhi yeyote. Lakini katika machafuko ya Bonde la Ufa ya miaka ya 1990 waliitwa hivyo majirani wa makabila mengine. Na doa, kama tujuavyo, huondolewa. Tusi humkabili "wewe", nawe waweza kulijibu. Neno la chuki huambiwa "sisi" juu ya "wao", na mara nyingi lugha yake ni safi kabisa. Hapo ndipo kifungu cha 13 cha sheria ya 2008 kinapopwaya, kwani chadai kwanza maneno yawe ya vitisho, matusi au dharau. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliorodhesha "madoadoa" pamoja na "hatupangwingwi", msemo wa kampeni tu. Orodha ya namna hiyo haionyeshi msemaji anamwambia nani, amtende nani nini.